Uzito kwenye kitako: jinsi teke la bunduki linavyopungua

Ukiruka kutoka kwenye ngalawa pale Feri, Dar es Salaam, ngalawa inarudi nyuma, na asiyejua kuruka hujikuta mguu mmoja mchangani na mwingine majini. Ruka sasa kutoka kwenye pantoni ya Kigamboni, kwa nguvu zako zote. Pantoni haina habari nawe. Miguu ni ile ile na msukumo ni ule ule. Tofauti ni uzito wa chombo ulichokisukuma.

Bunduki nayo iko hivyo hivyo. Baruti ikiwaka ndani ya ganda la risasi, gesi yake husukuma risasi mbele na papo hapo husukuma bunduki nyuma, kwenye bega la mpigaji. Msukumo huo wa nyuma ndio watu huuita teke. Kanuni yake aliiandika Isaac Newton mwaka 1687, na hakuna fundi awezaye kuifuta. Moja awezalo ni kuifanya bunduki iwe nzito zaidi, ili irudi nyuma polepole. Hiyo ndiyo maana nzima ya kuongeza uzito kwenye kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki inayoegemea bega.

Tuchukue kaliba, yaani aina ya risasi na bunduki yake, iitwayo .375 H&H Magnum, iliyotoka Uingereza mwaka 1912 na ambayo mpaka leo wawindaji wa nyati wanaiamini. Risasi yake ya gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Nyuma yake inatoka gesi ya kama gramu 5 za baruti, tena kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe, na wengi huisahau gesi hiyo wanapopiga hesabu. Bunduki ikiwa na kilo 4, itarudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 5.2 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 55 hivi. Ongeza nusu kilo: kasi inashuka hadi kama mita 4.6, na nishati inakuwa jouli 49. Ifikishe kilo 5, inabaki jouli 44, yaani teke limepungua kwa moja ya tano.

Moja ya tano si muujiza. Anayetarajia .375 igeuke manati atasikitika. Lakini bega linaitambua tofauti hiyo, na akili inaitambua zaidi. Mtu aliyeumizwa mara mbili au tatu huanza kujikunja kabla hajafyatua: jicho linafumba, kidole kinavuta kwa pupa, mtutu unayumba. Risasi inampata nyati tumboni badala ya moyoni. Mnyama anaingia kichakani na maumivu yake, na kesho yake anaweza kukutana na mtu asiye na kosa, aliyekwenda kutafuta kuni. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito kuliko michubuko ya bega.

Kinachowekwa ndani ya kitako mara nyingi ni risasi, na hapa Kiswahili chetu kina utamu wake: madini ya risasi na risasi inayotoka mtutuni vina jina moja, kwa hiyo tunaweza kusema risasi hutulizwa kwa risasi. Madini haya hupendwa kwa kuwa yanabeba uzito mkubwa mahali padogo. Nusu kilo ya gololi zake ndogo hujaza takriban kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa Kariakoo. Fundi hufungua mpira wa nyuma ya kitako, hutoboa tundu kwenye mbao, hujaza gololi na kuzishika kwa gundi ngumu. Zikiachwa huru zitacheza kama kayamba, na porini mnyama atakusikia kabla hujamwona. Tundu likiwa kubwa mno au likikaa vibaya na nyuzi za mti, kitako kinaweza kupasuka. Risasi pia ni sumu. Aliyeishika anawe mikono kabla ya kula. Wapo wanaotumia bomba lililofungwa lenye zebaki ndani, ila likivuja, hiyo ni sumu nyingine. Kwetu Tanzania silaha inamilikiwa kwa leseni, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo kazi hii ni ya fundi anayetambulika. Isifanyiwe uani.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kudhani kwamba uzito ni uzito, popote utakapokaa. Bunduki ina mahali pake pa mizani, na nusu kilo mwishoni mwa kitako hupavuta mahali hapo nyuma. Mtutu unakuwa mwepesi mkononi na unayumba unapolenga. Tena teke halirudi nyuma tu, huunyanyua mtutu juu, kwa sababu mtutu uko juu ya sehemu ya kitako inayoegemea bega. Uzito ulio karibu na bega hausaidii sana kuuzuia mnyanyuko huo. Ulio mbele, chini ya mtutu, ndio unaosaidia. Mafundi wazuri hugawa: kiasi nyuma, kiasi mbele, mpaka bunduki itulie pale pale ilipokuwa inatulia mwanzo.

Kabla ya kutoboa chochote, jaza gololi kwenye mfuko mdogo, uufunge imara kwa utepe ubavuni mwa kitako, kisha piga risasi chache kwenye uwanja wa shabaha huku umekikaza kitako begani. Kitako kilichoachiwa nafasi hupata mwendo kabla ya kukufikia, na hapo hutajua kilichokuumiza ni wepesi wa bunduki au ushikaji wako. Halafu toa risasi zote za kufyatua zilizomo ndani ya bunduki, uache mfuko wa gololi mahali pake, na uibebe bunduki kwa saa nzima, kama utakavyoibeba porini. Mkono ukichoka kabla ya saa kwisha, punguza gololi, hata kama bega limeridhika.