Ndimu haiui vijidudu vyote, na mengine yanayoaminiwa kuhusu kuunga samaki

Dhana: Samaki alale na viungo usiku kucha ndipo akolee

Nyama ya samaki ni laini, nyuzi zake ni fupi na zimeshikwa na tando nyembamba. Katika vyote unavyompaka, chumvi ndiyo inayopenya hadi ndani. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na pilipili huishia milimita chache tu, umwache saa moja au saa kumi na mbili. Kazi yako basi ni mbili: chumvi iingie, na viungo vishike juu na ndani ya chale.

Chukua changu mzima wa kilo moja, aliyetolewa magamba na matumbo. Mkaushe vizuri kwa kitambaa safi. Mpige chale tatu kila ubavu, kisu kikaribie mfupa. Msugue chumvi laini vijiko viwili vya chai visivyorundikana, nje, tumboni na ndani ya kila chale, kisha mweke kwenye friji dakika 30. Akitoka atakuwa ametoa maji. Yafute, usiyaache, kwa sababu samaki mwenye maji hunata kwenye wavu na hurusha mafuta kikaangoni. Hapo ndipo umpake viungo vilivyotwangwa, ukivisukuma kwa kidole ndani ya chale. Minofu haihitaji chale, na dakika 15 za chumvi zinaitosha.

Dhana: Ndimu ikiwa nyingi, samaki anakuwa salama, hata akiwa na harufu

Hii ndiyo dhana yenye hatari, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Asidi ya ndimu hugandisha protini kama moto unavyofanya. Tazama mnofu uliokamuliwa ndimu: kingo zilizokuwa zikipitisha mwanga zinageuka nyeupe, na weupe unaingia ndani kadiri dakika zinavyopita. Anaonekana kama ameiva, lakini hajaiva. Bakteria wengi hubaki hai, na minyoo pia, kama samaki alikuwa nayo. Kinachomfanya awe salama ni moto: ndani kabisa, karibu na mfupa, ufike nyuzi joto 63. Kama huna kipimajoto, chomeka uma penye unene na uzungushe kidogo. Nyama ikiachana yenyewe na isipitishe mwanga, ameiva.

Harufu nayo ina aina zake. Harufu ya kawaida ya samaki hutokana na kemikali zinazopaa hewani, na asidi huzifunga zisipae. Sato wa bwawani mwenye harufu ya tope pia hunufaika, kwani asidi huivunja kemikali inayoleta harufu hiyo. Hapo ndimu inafanya kazi ya kweli. Lakini samaki mwenye harufu kali ya amonia, mashavu ya kahawia, na nyama inayobaki na shimo ukiibonyeza, ameoza. Ndimu itaficha harufu tu.

Jodari, nguru na vibua wana jambo la zaidi. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Mlaji anaweza kuwa mwekundu usoni, kuwashwa mwili, kuumwa kichwa na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Sumu hii haitoki kwa ndimu, kwa siki wala kwa moto, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Kinga ni barafu tangu anapovuliwa hadi anapofika jikoni kwako. Muuzaji ambaye samaki wake hawana barafu mchana wa jua, mwache, hata akikupunguzia bei.

Ndimu tumia hivi: moja au mbili kwa kilo, baada ya chumvi, dakika 10 hadi 15 kabla ya moto. Ikipita nusu saa, hasa kwa minofu, nyama hukauka na kuwa kama chaki mdomoni. Ukitaka ukali zaidi, kamulia mezani.

Dhana: Papai bichi linalainisha kila kitu

Linafaa kwa nyama ngumu. Kimeng'enya chake, yaani kemikali inayovunja protini, humgeuza samaki uji, na akiwekwa juu ya wavu atamwagikia makaa. Liache.

Dhana: Samaki wa kupaka hulowekwa kwenye tui kabla ya kubanikwa

Tui likitangulia, litadondokea makaa, moto utawaka, na ngozi itaungua kabla ya nyama kuiva. Mtangulize samaki mwenye chumvi na viungo vikavu, abanikwe hadi akaribie kuiva. Mchuzi upikwe pembeni: kasimile (tui zito la kwanza) kikombe kimoja na nusu, kitunguu saumu punje sita na tangawizi zilizotwangwa, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili kwa kiasi chako. Moto uwe mdogo na mwiko usisimame. Tui likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea na chini kunabaki mabonge. Asidi huharakisha kukatika, ndiyo maana ukwaju mzito, vijiko vikubwa viwili, unaingia mwishoni, mchuzi ukishakuwa mzito wa kushika mgongo wa kijiko. Paka, geuza, paka tena, dakika mbili au tatu kila upande.

Tui humfaa zaidi samaki mwenye nyama nyeupe isiyo na mafuta, kama changu au sato. Kibua ana mafuta yake mwenyewe. Ukimzidishia tui anakinaisha upesi. Yeye mpe ukwaju, nyanya na pilipili.

Dhana: Sosi ya dukani ni kiungo tu, chumvi iko palepale

Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina chumvi karibu gramu mbili na nusu, pungufu kidogo ya nusu kijiko cha chai. Ukitia vijiko vinne, punguza chumvi yako karibu yote. Sosi zenye sukari au asali huungua haraka, kwa hiyo zipakwe dakika tano za mwisho.

Dhana: Viungo vilivyobaki kwenye bakuli ndiyo sosi ya mezani

Vimeguswa na samaki mbichi. Ama uvichemshe vitokote kabisa, ama uvimwage. Njia bora ni kutenga sehemu yako kabla samaki hajaingia. Bakuli lenyewe liwe la kioo, la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na ndimu na ukwaju, na chakula kinapata ladha ya bati.