Jasho la usiku si malaria kila mara

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza mukene (dagaa) sokoni hapa Arua, Uganda, alinijia na mfuko wa nailoni. Akaumwaga mezani: pakiti tano tupu za dawa ya malaria, zote za tangu Krismasi. Kila akiamka usiku shuka limelowa na moyo unamwenda mbio, kukicha hununua dozi. Nikamtoboa kidole. Hana malaria. Nikamuuliza siku zake zikoje. Akatazama mlango kwanza, kisha akasema chini chini, "Sista, zinakuja zinavyotaka."

Ana miaka 46. Mimi mkunga, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki.

Kabla hedhi haijakoma hupita miaka kadhaa, kwa wengi kama minne, ambapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo. Ile sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likizidi kidogo tu, inauamuru mwili ujipoze: damu inakimbilia kwenye ngozi, uso unawaka, jasho linatiririka, halafu baridi. Dakika chache, basi. Homa ya malaria haiondoki upesi hivyo, lakini kwetu huku ukanda wa West Nile malaria ni nyingi, kwa hiyo usikisie. Pima. Ukikutwa nayo, maliza dozi yote; usipokutwa nayo, usimeze. Na kama jasho limeandamana na kikohozi cha wiki mbili au unakonda, omba upimwe kifua kikuu.

Usiku ndio unaowachosha wengi, basi tuanzie hapo. Vua gauni la nailoni, jifunge kanga ya pamba. Weka bakuli la maji na kitambaa karibu na kitanda. Joto likianza, kikamue ujipanguse shingo na vifundo vya mikono. Wengine huniambia wametupa chandarua kwa sababu ya fukuto. Tafadhali, kirudishe! Afadhali utoe blanketi. Chai ya mwisho iwe saa kumi alasiri, na chakula cha jioni kisiwe na pilipili kali. Najua kuacha chai ya usiku ni kazi; mimi ilinichukua wiki tatu, na usingizi ulipotulia sikuirudia.

Mifupa nayo hupungua nguvu estrojeni inapopungua. Yule mama dawa anayo beseni mwake: mukene huliwa na miiba yake, na humo ndimo ilimo kalisi, madini yanayojenga mifupa. Simsim (ufuta) pia ina kalisi. Nilichomwomba ni aache boda boda jioni, arudi nyumbani kwa miguu, nusu saa, siku tano kwa wiki.

Jambo jingine: mwambie mumeo, au dada yako. Hasira za ghafla za kipindi hiki zinaumiza nyumba pale ambapo hakuna anayejua zinatoka wapi.

Njoo kituoni upesi ukitoka damu hadi unabadilisha pedi kila saa, au damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi. Na mpaka miezi 12 ipite bila hedhi, mimba bado inaweza kuingia. Mwaka huu nimeshapokea akina mama wawili waliodhani hedhi imekoma, kumbe ni wajawazito. Usiache uzazi wa mpango kabla hatujazungumza.