Filamu za Wahamiaji na Chuki Tunayodhani Haituhusu

Hapa Nairobi, filamu ya wahamiaji ikitajwa, wengi hudhani ni habari za ng'ambo: Mturuki aliyeko Ujerumani, Mmeksiko aliyeko Marekani, na machungu ambayo sisi tunayatazama kwa mbali kisha tukaendelea na shughuli zetu. Dhana hiyo inabatilishwa na filamu ambazo wakazi wengi wa jiji hili wamekwisha kuziona. Gurinder Chadha, mwongozaji wa Bend It Like Beckham ya mwaka 2002, alizaliwa Nairobi mwaka 1960 kabla ya familia yake kuhamia London. Filamu yake hukumbukwa kwa binti wa Kipunjabi anayetaka kucheza kandanda, na watazamaji wengi huhitimisha kwamba ni kisa cha wazazi wakale wanaomzuia mtoto aliyeerevuka. Wanasahau maneno ya baba wa binti huyo. Mzee huyo anasimulia kwamba alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrusha mpira hodari wa kriketi, lakini alipofika Uingereza, Wazungu wa klabuni walikicheka kilemba chake wakamtimua, naye akaapa kutocheza tena. Katazo lake, ambalo mtazamaji alikuwa ameliona kuwa ukaidi wa mila, linatokana na kubaguliwa, na anamzuia binti yake ili asije akaumizwa pale pale alipoumizwa yeye. Mara nyingi kile tunachokiita utamaduni wa mhamiaji ni kinga aliyojijengea baada ya kukataliwa, na filamu hii inalionyesha jambo hilo kwa mazungumzo mafupi ya sebuleni.

Dhana ya pili, ambayo naiona kuwa na madhara makubwa zaidi, ni kwamba ubaguzi ni tendo la Mzungu dhidi ya mtu mweusi, basi. Mwongozaji Mira Nair aliishughulikia katika filamu ya Mississippi Masala ya mwaka 1991. Familia ya Jay, wakili mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Uganda, inafukuzwa mwaka 1972 Idi Amin anapowapa Waasia siku 90 za kuondoka, na hatimaye inatua Mississippi miongoni mwa Wahindi wenye moteli. Kinachomkera Jay kuliko kupoteza mali ni kwamba Okelo, rafiki yake wa utotoni, alimwambia kuwa Afrika ni ya Waafrika weusi. Hata hivyo, binti yake Mina anapompenda Demetrius, Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia, Jay na jamaa zake wanampinga kijana huyo, na Wahindi wale wale waliokuwa wakimwambia kwamba watu wa rangi ni ndugu wanamnyima kazi. Aliyebaguliwa Kampala anabagua Mississippi, wala filamu haimpunguzii haki ya kulia kwa sababu hiyo. Demetrius anamkabili Jay uso kwa uso na kumweleza kwamba tangu wafike Marekani wamejifanya Wazungu. Yeyote anayeufahamu ukimya unaotanda kati ya Parklands, mtaa wenye Wahindi wengi, na mitaa mingine ya Nairobi kila inapozungumzwa ndoa ya Mhindi na Mwafrika hahitaji kufafanuliwa onyesho hilo.

His House ya mwaka 2020 inakwenda hatua moja zaidi. Rial, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anapotea katika mtaa wake mpya nchini Uingereza, anawaona vijana watatu weusi na kuwaendea akitumaini msaada. Wanaikejeli lafudhi yake na kumwambia arudi Afrika.

Wapo wanaokubali haya yote, lakini ukiwauliza ubaguzi hutambulikana vipi, watataja matusi, mawe na polisi. Mjerumani Rainer Werner Fassbinder aliuonyesha kwa namna iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku katika Angst essen Seele auf ya mwaka 1974. Emmi, mjane anayefanya kazi ya usafi, anaolewa na Ali, kibarua kutoka Morocco ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Mwenye duka anajifanya haelewi Kijerumani cha Ali. Katika onyesho nisilochoka kulirudia, wawili hao wameketi peke yao nje ya mkahawa, wamezungukwa na viti vya manjano visivyo na mtu, huku wahudumu wamesimama mbali wakiwakodolea macho bila kusema lolote, hadi Emmi anaangua kilio. Wanaporejea kutoka likizo, watu wamebadilika: mwenye duka amegundua kwamba anampoteza mteja, jirani anahitaji mahali pa kuhifadhi vitu vyake, na mwana wa Emmi anataka mtu wa kumlelea mtoto. Hakuna aliyetubu, wamemhitaji tu. Kisha Emmi mwenyewe, aliyempenda Ali waziwazi, anakataa kumpikia kuskusi, chakula cha kwao, akimwambia azoee vyakula vya Kijerumani, na kuwaalika wenzake wa kazini waguse misuli ya mikono ya Ali kana kwamba wanakagua ng'ombe sokoni. Mwenye nyumba wa Nairobi anayempokea mpangaji Mkongo au Msomali kwa tabasamu kwa kuwa kodi inalipwa mapema, kisha akamsengenya ngazini, angejitambua humo bila kuonyeshwa kidole.

Kuhusu dhana kwamba mhamiaji sharti aache lugha ya mama ndipo awe raia kamili, mfano mmoja unatosha. Minari ya mwaka 2020 inahusu familia ya Kikorea inayolima Arkansas. Mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, ni Mmarekani, na filamu ilitengenezwa Marekani, lakini tuzo za Golden Globe za mwaka 2021 ziliiweka katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Sisi nasi tulisubiri hadi mwaka 2017 kuwatambua rasmi Wamakonde na Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa miongoni mwa jamii za nchi hii, ilhali wameishi hapa vizazi kadhaa.

Ipo pia imani kwamba wema wa mwenyeji ni kinyume cha ubaguzi. Msenegali Ousmane Sembène aliivunja mwaka 1966 katika La Noire de…, kisa cha Diouana anayetoka Dakar kwenda kuwafanyia kazi Wafaransa huko Antibes. Wageni wa nyumba hiyo wanausifu upishi wake, na mmoja anamwomba ambusu kwa kuwa hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Kwa mabwana zake Diouana hujibu kwa maneno machache mno, ila sisi tunasikia mawazo yake yote, na pengo hilo ndilo linalouma. Nchi ambayo mabinti zake wengi huenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani ingefaa kuionyesha filamu hii mashuleni.

Mwishowe, husemwa kwamba Kenya haina filamu ya aina hii kwa kuwa haina tatizo la aina hii. Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani na kuteuliwa kuwania Oscar, inatokana na shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Jua, mhusika mkuu, ni Mkristo aliyeuliwa mume na mtoto na magaidi, na chuki aliyo nayo kwa abiria wenzake Waislamu inaeleweka, lakini haina haki, kwa maana watu hao ni raia wenzake ambao tumezoea kuwaita wageni. Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Msako ule nao unastahili filamu ndefu, na ingekuwa vyema ikiongozwa na mtu aliyekulia Eastleigh.