Joto la mkaa linatoka wapi hasa?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tano joto la mkaa linatoka wapi. Atakujibu haraka: limejificha ndani ya mkaa, bondi (vifungo vinavyoshikanisha atomi) zikivunjika linatoka. Kila nikisahihisha mitihani nalikuta jibu hili, na linanikera kwa sababu limepindua mambo. Kuvunja bondi kunakula nishati. Inayotoa nishati ni kazi ya kuunda bondi mpya.

Tazama jiko la mchoma sato pale Mwaloni, Kirumba. Mkaa sehemu kubwa ni kaboni. Moli moja ya kaboni, yaani gramu 12, ikiungua, kwanza atomi zake zing'olewe zilikoshikamana: kilojuli 717 hivi. Oksijeni ya hewani nayo iko jozi jozi, na kuzitenganisha ni kilojuli 498. Tumeshatoa 1,215 na chai bado haijapata moto. Halafu kaboni na oksijeni zinaungana kuwa kaboni dayoksaidi, ambayo bondi zake ni imara kwelikweli, nazo zinarudisha kama 1,608. Toa gharama, inabaki faida ya 393. Hilo ndilo badiliko la entalpi, yaani tofauti ya nishati kati ya mwanzo na mwisho. Tunaliandika kwa alama ya hasi kwa kuwa waliopungukiwa ni kaboni na oksijeni, sufuria imeongezewa.

Kilojuli 393 si haba. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 inataka kama 300 tu kuchemka hapa Mwanza, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, maana ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu kavu, kipande cha mkaa cha kushika kwa vidole viwili kingetosha. Jikoni haiwi hivyo: joto jingi linakwenda na upepo, na mkaa ulionyeshewa unatumia lake kukausha maji yake wenyewe, zaidi ya kilojuli 2 kwa kila gramu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Hewa ikiwa kidogo, kaboni inaishia kuwa kaboni monoksaidi, na moli moja inatoa kilojuli 110.5 basi. Zile 283 zilizosalia zinaondoka na gesi. Gesi hiyo ikikuta hewa juu ya makaa inawaka. Ndiyo ile miali ya buluu unayoiona jioni giza likianza kuingia. Jumlisha 110.5 na 283, unapata 393.5 ileile. Mwanakemia Germain Hess alilitangaza hili Urusi mwaka 1840: upite njia ya mkato au uzunguke, jumla ni moja. Isipowaka, inabaki gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kuliko oksijeni yenyewe. Jiko la mkaa halilazwi ndani na watu.

Wanafunzi wadadisi huniuliza: kama faida ipo, mbona gunia la mkaa linakaa barabarani juani na haliwaki? Entalpi haina jibu la hilo. Inahesabu tofauti ya mwanzo na mwisho. Haisemi safari itaanza lini. Bondi za awali lazima zilegezwe kwanza, na jua la Mwanza, kwa ukali wake wote, halifiki huko. Mafuta ya taa na kiberiti vinafika. Vipande vya kwanza vikishashika, joto lao linawasha vya jirani, na mchoma samaki anaweza kupunguza kupepea.