Usiku Ndio Uamuao: Lini Kuatika Tungule na Pilipili Hoho Penye Baridi

Mpwa wangu aliyeolewa Leicester, Uingereza, alinitumia picha ya miche yake ya tungule (nyanya, kwa walio bara) usiku wa manane, na chini yake maneno manne: "Mjomba, imepatwa na nini?" Majani yalikuwa yamejikunja, na upande wa chini yamegeuka zambarau kama ganda la biringani. Nikamuuliza aliiatika lini, yaani aliihamishia nje lini. Mwanzo wa Aprili, akasema, baada ya siku nne za jua ambalo hata yeye, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, alilivulia koti. Nikamuuliza tena: na usiku kulikuwa na nyuzi ngapi? Hapo akanyamaza.

Simlaumu. Naotesha miche Kisauni mwaka wa kumi na tisa sasa, na hilo la usiku limenichukua muda kulielewa, kwa kuwa usiku wa Mombasa hautishi mtu. Hata Julai na Agosti, kusi ikivuma na watu wakitoa masweta kabatini, tunacheza karibu na nyuzi 20. Mtu aliyekulia huku hutazama jua la mchana akahukumu. Kwenye baridi, jua la mchana ni muongo.

Tungule hazitaki kutoka nje mpaka usiku ukae juu ya nyuzi 10, na ukae hapo siku nyingi mfululizo, si usiku mmoja wa bahati. Udongo nao uwe umefika nyuzi 15 au 16. Pilipili hoho ni mwanamwali zaidi: yataka usiku wa nyuzi 13 kwenda juu na udongo wa 18 hivi. Ndiyo maana hoho huatikwa wiki moja hadi mbili baada ya tungule, hata kama zote mbili zilikuzwa dirisha moja. Watu wengi huzitoa siku moja kwa sababu zimetoshana kimo.

Sasa, baridi ya nyuzi 6 au 7 haiui mche. Ingeua, watu wangejifunza haraka. Sakitu ndiyo inayoua, maji yanapoganda ndani ya majani. Unaamka asubuhi mche umekuwa mweusi, basi, shughuli imekwisha. Baridi ya kati hufanya jambo la hila zaidi: mizizi inalala. Fosforasi, moja ya virutubisho vya mmea, imo udongoni lakini mche hauwezi kuivuta, na ndiyo ile zambarau niliyoiona kwenye picha. Mwenye shamba akaona vile, akakimbilia mbolea. Mbolea haisaidii kitu hapo, mdomo umefungwa.

Kuna mwaka nilipata mteja wa Wundanyi, nikampakilia trei za tungule na hoho kwenye pikapu, tukapita Voi na Mwatate mpaka juu milimani. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye paa za nyumba. Miche yangu ilikuwa imelelewa kwenye joto la Kisauni, laini, mirefu, inapendeza macho. Asubuhi ya pili kipimajoto kilisema 12. Tungule zilikaa wiki tatu bila kuongeza jani la maana. Hoho zikadumaa kabisa. Katikati ya Septemba yule bwana, kwa hasira, akaatika hoho nyingine alizoziotesha mwenyewe, na zikachanua wiki moja na zile zangu za Julai. Miezi miwili niliyomtangulizia haikumfaa hata tunda moja. Pesa zake za trei za hoho nilimrudishia, na tangu siku hiyo sipeleki mche milimani kabla sijauzoesha.

Kuuzoesha ni kazi ya siku saba hadi kumi, na haina njia ya mkato. Siku ya kwanza mche unatoka saa moja au mbili, kivulini, mahali upepo haufiki. Kila siku unaongeza muda na jua kidogo, maji unapunguza bila kuuacha unyauke, mbolea ya kukuza majani unaiweka kando. Mche uliotoka ndani ukapigwa na jua kamili siku ya kwanza huota mabaka meupe, na watu hudhani ni ugonjwa. Usiku wa siku mbili tatu za mwisho, ikiwa kipimo kinaruhusu, unalala nje.

Kipimajoto cha udongo ni bei ya kilo chache za nyanya. Kichomeke sentimita 10 hivi chini, usome asubuhi mapema wala si adhuhuri, na urudie siku nne tano. Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji huchelewa kupata joto. Tuta lililoinuliwa huwahi, na chungu cha kupandia vilevile. Plastiki nyeusi ikitandikwa wiki mbili kabla huongeza nyuzi kadhaa. Nakumbuka pia kosa moja wanalofanya wajuzi: tungule huota mizizi kwenye shina, kwa hiyo tunazizika kwa kina. Lakini kwenye udongo wa baridi, ukienda chini unaikuta baridi zaidi. Laza mche ubavu kwenye mfereji usio na kina, kichwa tu kitokeze. Hoho usiizike hivyo. Iache kimo kilekile ilichokuwa nacho kwenye trei, na kama imeshatoa ua, litoe.

Mbingu pia zina neno lake. Usiku wenye mawingu hushika joto kama blanketi, usiku wa nyota nyingi huliachia. Ndugu zetu wa Limuru na Kinangop wanalijua hili vizuri: wao Julai wana baridi ya mawingu, lakini sakitu huwajia zaidi Januari na Februari, kiangazi, mbingu zikiwa safi. Na huanzia bondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji. Ulaya nako wana hesabu zao. Wajerumani wengi hungoja zipite siku wanazoziita za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, ndipo watoe nyanya nje. Inanikumbusha wazee wetu waliohesabu pepo kwa miongo (makumi ya siku) toka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Ni hesabu ya busara, ila nyuzi za usiku bado lazima uzisome mwenyewe.

Huku kwetu tatizo limepinduka. Februari na Machi usiku wetu ni wa moto mno. Ukipita nyuzi 23 au 24, tungule inachanua vizuri kisha maua yanapukutika, chavua haifanyi kazi. Masika ya Aprili na Mei nayo huleta magonjwa ya mnyauko na bakajani. Kwa hiyo mimi huatika mwisho wa Mei au Juni, mche wa wiki nne hadi tano, maua yakutane na kusi. Mpwa wangu angoja usiku upate joto, mimi nangoja upoe.

Ile miche ya zambarau nilimwambia airudishe ndani, asiipe mbolea, apande na mbegu chache za akiba. Jana amenitumia picha nyingine, ya kipimajoto kilichochomekwa udongoni: nyuzi 12, tarehe 3 Mei. Nimemjibu tungule zingoje wiki mbili, na hoho asizitoe kabla ya Juni. Amesoma, hajajibu.