Nyuki wa Efeso: kuisoma sarafu ya shaba ya Wayunani

Ukiishika sarafu ya shaba ya Efeso ya karne ya 1 KK, anza na nyuki. Yuko katikati, mbawa zimetanuka, amezungukwa na shada la majani. Kushoto kwake kuna Ε, kulia Φ: ndiyo Efeso. Igeuze: ayala amesimama mbele ya mwenge mrefu, pamoja na jina la ofisa wa mji. Nyuki na ayala wote ni wa Artemi, mungu wa kike wa mji huo, yule ambaye katika Matendo 19 umati ulimpigia kelele, "Artemi wa Waefeso ni mkuu." Sura yake haimo, na kila Mwefeso alijua ni nani.

Miji mingine iliandika jina kwa urefu, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Mwisho -ΩΝ hufanya kazi ya "ya" yetu: ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ ni "ya Wasirakusa", yaani mali ya wananchi wa Sirakusa, mji wa Wayunani kisiwani Sisilia. Mfalme Hieron II alipotawala mjini humo akaandika ΙΕΡΩΝΟΣ, "ya Hieron", kando ya mkuki wa ncha tatu wa Poseidon, mungu wa bahari. Herufi chache tu, na mwenye sarafu amebadilika.

Kwa nini mji ulijisumbua na chenji ya shaba? Jiwe lenye maandishi la Sestos, mji mwingine wa Wayunani, la karne ya 2 KK, linalomsifu Menas aliyesimamia utengenezaji wa sarafu za shaba, linataja sababu mbili: alama ya mji itumike, na faida iwafikie wananchi. Faida ilikuwepo kwa sababu shaba ilipokelewa kwa thamani iliyopita ya madini yake. Nje ya mji thamani hiyo ilififia, ndiyo maana nyingi huokotwa karibu na zilikogongwa.

Herufi zikikosekana, mara nyingi kosa ni la nyundo. Sarafu iligongwa kati ya mihuri miwili: wa chini ulikaa kwenye fuawe, wa juu ulishikwa kwa mkono. Kipande cha shaba kikikaa kombo, Φ huangukia nje ya ukingo.

Tafadhali usiisugue. Ndimu na majivu hung'arisha sinia, ila hapa vitaondoa tabaka la kijani au kahawia ambalo ndilo limebeba mistari ya mbawa. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiupangusa, ni "ugonjwa wa shaba": kloridi, aina ya chumvi, inayoila shaba kwa msaada wa unyevu. Itenge, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa ukiyabadilisha kwa wiki kadhaa, ikaushe kabisa, uihifadhi na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Epuka bahasha laini za plastiki ya PVC: huacha ute wa kijani ambao wengi huudhani ni ugonjwa uleule.