Babu hakupigana na Mjerumani: dhana potofu kuhusu miaka ya wazee wetu

Jana tena. Familia imeniletea picha ya mzee na karatasi imeandikwa "1895–2004", wanataka niwachoree mti wa ukoo halafu hiyo miaka ikachongwe kwenye kaburi, na nikiuliza 1895 mmeitoa wapi jibu ni lile lile ninalolisikia kila siku, babu alipigana vita vya Mjerumani. Jamani! Kazi hii ya kufuatilia koo naifanya mwaka wa kumi na moja sasa na hakuna kitu kinanichosha kama hiki, kwa hiyo leo naandika.

DHANA: Vita vya Mjerumani ni vile vya 1914.

Ukweli: wazee wetu wameviita hivyo vita vitatu tofauti. Kusini mwa Tanzania bibi akisema vita vya Mjerumani anaweza kuwa anamaanisha Majimaji, 1905 hadi 1907. Halafu kuna ile ya 1914 mpaka 1918, Mwingereza na Mjerumani wanagombania ardhi yetu hapa hapa. Halafu 1939 Mwingereza anarudi vijijini kuchukua vijana, anawaambia adui ni Mjerumani yule yule, sasa ana Hitla, basi na jina likabaki lile lile. Toka vita vya kwanza hadi vya mwisho ni karibu miaka 40, hapo una babu, baba na mtoto wote "wamezaliwa vita vya Mjerumani".

Huyu mzee wa 1895 niliomba kuongea na binti yake mkubwa, maana wajukuu wanajua kichwa cha habari tu. Nikamwamkia, shikamoo mama, baba alikuwa anawasimulia nini kuhusu vita? Akasema walipandia meli Mombasa, wakashushwa Seloni (Sri Lanka ya leo), wakakaa kaa huko, baadae wakapelekwa kwenye pori la mvua isiyokatika, matope mpaka magotini, wanamsaka Mjapani.

Mjapani! Sasa mwaka 1914 Mjapani alikuwa anatafutwa na nani huku kwetu? Hiyo ni Burma (Myanmar ya leo), vita vya pili vya dunia. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) wa Divisheni ya 11 walikuwa Seloni 1943, wakaingia Bonde la Kabaw huko Burma 1944 katikati ya masika ya kule. Kama alizaliwa 1895 basi alichukuliwa jeshini anakaribia miaka 50, haiwezekani, walikuwa wanachukua vijana. Nikamuuliza mama, na wewe ulizaliwa lini? Akasema mimi baba alishatoka vitani, ni kipindi kile mashine za njugu zimeingia Nachingwea. Mradi wa karanga wa Mwingereza, ndio hizo njugu, ulianza 1947. Imekaa sawa kabisa, mzee alizaliwa kwenye 1920 hivi, amefariki na miaka themanini na kitu.

Mjukuu mmoja alinuna, alishazoea kutangaza babu alifikisha miaka 109. Namwelewa, lakini ukiandika 1895 umemfuta babu yako Burma, umemnyang'anya matope yote yale aliyotembea, na hicho ndicho kitu alichowaachia.

Ushauri wangu naurudia kila siku: usimuulize mzee mwaka, muulize hela. Alilipwa rupia au shilingi? Shilingi ya Afrika Mashariki imekuja 1921, aliyelipwa rupia vitani huku kwetu ni wa kabla ya hapo, Majimaji au vita vya 1914. Muulize adui alikuwa nani, walisafiri kwa miguu au kwa meli. Hapo utapata jibu.

DHANA: Aliyekwenda vita vya 1914 alikuwa askari.

Hapana. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi sana, ndio hao Carrier Corps wa Mwingereza, jina lao limebaki Kariakoo. Usimvalishe kila mtu bunduki, na mpagazi usimwonee aibu, wengi wao walikufa kwa njaa na kuhara wakiwa na mzigo kichwani.

DHANA: Tarehe ya kwenye cheti cha ubatizo ndiyo ya kuzaliwa.

Ni tarehe ya kumwagiwa maji. Wamisionari walibatiza watu wazima na watoto wao, wengine baada ya miaka ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo. Soma safu zote za kile kitabu cha parokia.

DHANA: "Mwaka wa njaa" ni mmoja nchi nzima.

Kila mahali pana njaa yake. Mgogo akisema Mtunya ni kati ya 1917 na 1920, jeshi limekomba nafaka na ng'ombe, mvua nayo imegoma. Hiyo usiipeleke Pwani.

DHANA: Kitambulisho hakikosei.

Ukiona 1 Januari au 1 Julai kwa mzee, ujue mara nyingi ni makadirio ya karani. Kuna mzee wa Iringa kitambulisho kinasema 1 Julai 1938. Nikamuuliza, fuvu la chifu Mkwawa lililochukuliwa na Mjerumani liliporudi Kalenga ulikuwa wapi? Uso ukabadilika. "Baba alinibeba mabegani," akasema, "watu walikuwa wengi, nilikuwa nimeshika nywele zake nisianguke." Hiyo ni Juni 1954. Kijana anayekaribia miaka 16 habebwi mabegani.